Dakika Sita pale Ruliba

Kufikia Alhamisi asubuhi, Inspekta Kayitesi alikuwa amemhoji fundi Ismaël mara nne, na mara zote nne fundi alikuwa amesema uongo uleule. Uongo nao huchosha ukisikilizwa sana. Kayitesi alivua viatu chini ya meza, akakanyaga sakafu baridi, akafungua faili kana kwamba kuna jambo jipya lililoota ndani yake tangu jana.

Hakuna kilichoota. Achille, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwanamichezo wa mbio za baiskeli, aliokotwa Jumamosi saa tatu na dakika tano asubuhi mtaroni kando ya barabara ya Ruliba. Waliomwokota ni akina mama waliokuwa wakifyeka nyasi za umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kichwa kimepasuka, mkono umevunjika, na tangu siku hiyo hajafungua macho. Baiskeli yake haikuwepo. Ilionekana saa nane mchana huko Gitega, katika karakana ya Ismaël, imetundikwa kwenye stendi, na fundi mwenyewe akinyoosha gurudumu la mbele. Polisi walifikishwa pale na kifaa kidogo cha GPS, hakizidi ukubwa wa kiberiti, ambacho dada yake Achille alikuwa amekificha chini ya kiti cha baiskeli.

Ismaël alisema saa zile alikuwa kwenye umuganda wa mtaa wake. Orodha ya mtaa haikuwa na jina lake. Tena kocha wa Achille, bwana Mugabo, aliandikisha kwamba wiki moja kabla fundi na kijana walirushiana maneno makali kwa ajili ya mnyororo uliofungwa vibaya.

Mkuu wake, Ntare, alichungulia mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Siku tano zinaisha leo saa kumi na moja jioni, Kayitesi. Faili liende kwa mwendesha mashtaka. Una mtu, una baiskeli, una uongo. Unasubiri nini, akuandikie barua?"

"Sina gari, afande."

"Gari gani tena?"

"Kutoka Ruliba hadi Gitega ni mlima na kilomita tisa. Baiskeli yenye gurudumu lililopinda haiendeshwi. Aliibebaje?"

"Begani," alisema Ntare, akaenda zake.

Kayitesi alivaa viatu.

Katika chumba cha mahojiano Ismaël alikuwa amekaa vilevile kama jana, mikono kati ya magoti, kofia yake ya kufuma amesahau kuivua. Nje ya lango mama yake, mshonaji wa Biryogo, alikuwa ameketi na sahani ya wali iliyofungwa kwa kitambaa, kama alivyoketi siku zote tano.

"Leo sikuulizi ulikuwa wapi," Kayitesi alisema. "Niambie habari za gurudumu."

Ismaël aliinua uso. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliyeshika kazi yake.

"Lile? Lilikunjika kama chapati, afande. Mtu akianguka peke yake, pedali inakwaruzika, usukani unakwaruzika. Hii huku pembeni ilikuwa na michubuko midogo tu. Iligonga kwa mbele. Kitu kigumu ambacho kilikuwa kinaenda halafu kikasimama. Na kwenye ukingo wa gurudumu kulikuwa na rangi. Kijani."

"Rangi hiyo iko wapi?"

"Nyingine nilifuta. Sikujua. Nyingine bado iko."

"Na baiskeli yenyewe ilifikaje kwako?"

"Niliikuta mlangoni. Vijana wa klabu huniachia hivyo siku zote, hawapigi hodi."

"Uliikutaje? Nieleze, kama nakuona."

"Nikafungua mlango, nikaona imeegemezwa, nusura iniangukie miguuni."

Kayitesi aliweka kalamu chini.

"Ismaël. Mtu anayerudi kutoka umuganda huukuta mlango wake kutokea nje. Baiskeli iliyoegemea mlango itamwangukiaje miguuni?"

Fundi aliivua kofia, akaiweka magotini. Nje pikipiki zilikuwa zikipanda kilima cha Muhima.

"Nilikuwa ndani," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimelala. Ijumaa nilifunga baiskeli sita za mashindano, mgongo ulikataa. Nikasema mwezi huu nijifiche tu."

"Ukajifungia."

"Nikajifungia, simu nikazima. Kisha nikasikia gari. Lina mlango wa kuburuta, *krrr*. Likarudi nyuma, ti-ti-ti. Kitu kikaegemezwa mlangoni kwangu. Nikajua ni viongozi wa sekta wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta watu kama mimi. Nikajifunika blanketi."

"Saa ngapi?"

"Ngoma ya kuita watu ilikuwa imelia zamani. Saa tatu hivi, haijafika. Nilipofungua ilikuwa saa sita."

"Siku tano umekubali uitwe jambazi ili usiitwe mvivu?"

"Siku ya kwanza ulikuwa uongo mdogo, afande," Ismaël alisema, akiitazama meza. "Ya pili ukanizidi nguvu."

Kayitesi hakuwa na nguvu za kukasirika. Aliandika neno *gari*, akalipigia mstari mara mbili, akatoka.

Umulisa, dada yake Achille, alikuwa kwenye benchi la korido ya hospitali, mahali palepale alipokuwa juzi, na sweta lilelile. Kando yake kulikuwa na chupa ya uji, kifuniko chake kimegeuzwa kuwa kikombe.

"Kocha Mugabo kaleta jana," alisema alipoona Kayitesi anaitazama. "Anakuja kila siku saa tisa. Anakaa na Achille, anamsomea matokeo ya mbio. Daktari anasema pengine anasikia."

"Anajua habari za kifaa chako?"

"Traka? Hapana. Hata Achille nilimwambia asimwambie mtu. Baiskeli yake ya kwanza iliibwa mbele ya duka, kwa dakika mbili tu. Hii nikasema haiibwi tena." Alijikuna kiganja. "Ile kompyuta ya kwenye usukani kila mtu anaiona. Hii haionekani."

Kompyuta ya kwenye usukani haikuwa imepatikana. Kayitesi aliikumbuka kwenye orodha: *kishikio kitupu*. Walidhani ilidondoka mtaroni.

"Nionyeshe Jumamosi yote," alisema. "Sisi tulichapisha mahali iliposimama tu."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, maana ni aibu. Watu wazima watano wa ofisi nzima walitazama nukta ya mwisho ya mstari, wakaenda kumkamata aliyesimama juu yake. Hakuna aliyerudi nyuma kuusoma mstari wenyewe.

Umulisa alifungua simu. Mstari wa buluu ulitambaa kando ya mto Nyabarongo. Kifaa kilikuwa kimeandika mahali na mwendo kila sekunde kumi.

"Hapa anapasha mwili. Ishirini na tano, ishirini na nane kwa saa. Hapa saa mbili na dakika ishirini na nne..." Kidole chake kilisita. "Hamsini na sita. Hamsini na nane. Hamsini na nane."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi na mbili."

"Mteremko?"

"Tambarare kabisa. Anakwenda, anageuka, anarudi."

"Ndugu yako ana miguu hiyo?"

"Peke yake, akijitoa roho, arobaini na mbili." Umulisa alitabasamu kidogo, kwa fahari iliyochoka. "Hamsini na nane huwa nyuma ya gari. Gari linakata upepo mbele, yeye anajibana nyuma yake karibu kabisa. Ni mazoezi ya hatari. Kocha alituambia aliyaacha tangu mwaka jana."

"Endelea."

"Saa mbili na thelathini na sita, hamsini na nane. Sekunde kumi baadaye, sifuri."

Muuguzi alipita akisukuma kitoroli.

"Inakaa sifuri dakika sita," Umulisa alisema. "Halafu arobaini na tano. Arobaini na nane. Giticyinyoni, Nyabugogo, Muhima, Gitega. Haikusimama popote." Alifuta kioo cha simu kwa mkono wa sweta ingawa kilikuwa safi. "Ilinitumia ujumbe, afande. Inatuma kila baiskeli ikianza kutembea baada ya kutulia. Saa mbili na arobaini na mbili, *imesogea*. Nami nilikuwa nachimba mtaro wa umuganda Kicukiro, simu nimeiacha nyumbani inachaji."

Kayitesi alimshika bega. Alikuwa akifikiria barabara. Jumamosi ya umuganda, kuanzia saa mbili hadi saa tano, magari yote ya Kigali yanalala. Polisi husimama kwenye njia panda. Asiye na kibali hushushwa na kupewa jembe. Na gari hili lilikata mji kwa mwendo wa arobaini na nane bila kupunguza. Anayepita hivyo hakimbii polisi. Anajulikana.

Askari wa barabarani aliyekuwa zamu Nyabugogo siku ile aliitwa Nduwayo. Kayitesi alimkuta kwenye kivuli cha kibanda cha vocha, akila mahindi ya kuchoma kwa haraka ya mtu anayeogopa kuonekana.

"Jumamosi magari mangapi yalipita kwako kabla ya saa tatu?"

"Matatu, afande. Ambulansi. Gari ya watu wa maji. Na kale kabasi ka kocha Mugabo. Iko na kibali ya michezo, nikakapungia mkono. Na yeye ananipungia siku zote. Ile siku hakupunga."

"Kabasi ka rangi gani?"

"Kijani."

Kayitesi alivuta pumzi ndefu. "Nduwayo, tulikuja hapa Jumapili. Tulikuuliza. Kwa nini hukusema?"

"Mliuliza kama mtu ya kubeba baiskeli alipita." Nduwayo alificha gunzi nyuma ya mgongo. "Mtu ya kubeba baiskeli hakupita."

Lilikuwa limebaki jambo moja, na ndilo lililokuwa likimuuma kichwa tangu hospitali. Kocha Mugabo alikwisha kuulizwa alipokuwa, kama wote waliomjua Achille. Alileta karatasi. Ilikuwa ndani ya faili, safi, na muhuri wa mtaa wake wa Kicukiro: *Ndugu Mugabo ameshiriki umuganda wa mwezi huu. Amesaini Mukankusi, kiongozi wa mtaa.* Ntare aliisoma, akaibandika, wakaendelea na Ismaël. Nani ataubishia muhuri?

Saa saba na nusu Kayitesi alikuwa Kicukiro, kwenye uzio wa mimea ya miyenzi, akipiga hodi. Mukankusi alikuwa mama mnene wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alimkaribisha kwenye kiti, akamletea maji bila kuulizwa, akaitazama karatasi kwa mbali kisha kwa karibu.

"Ni mkono wangu. Kocha alifanya kazi, siwezi kukataa. Kuna shida?"

"Alifika saa ngapi?"

"Wa kwanza kabisa. Saa mbili kamili tayari alikuwa na jembe. Alichimba, afande! Mpaka viganja vikatoka damu. Nikamwambia, kocha, pumzika, mtaro hauendi mahali. Hakunijibu. Nilimhurumia, nikasema labda ana msiba."

Saa mbili kamili. Kayitesi aliona mstari wa buluu ukifutika mbele ya macho yake. Kifaa kinaweza kukosea mita tano. Hakiwezi kukosea nusu ya mji. Alikunywa maji yote, akaangaza sebuleni kwa kutafuta tu mahali pa kupumzisha macho. Ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa. Safu nzima ya Jumamosi ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu.

"Mama Mukankusi," alisema polepole, "wewe husali wapi?"

"Mimi niko Msabato. Miaka thelathini sasa."

"Jumamosi asubuhi uko wapi?"

"Kanisani, niwe wapi tena?" Mama alicheka. "Jumamosi msimamizi ni makamu wangu. Sisi Wasabato umuganda wetu tunafanya Jumapili, sheria inaturuhusu. Huo ndio mimi nasimamia."

"Na kocha Mugabo ni Msabato?"

Kicheko kiliisha taratibu. Mukankusi aliishusha miwani.

"Hapana," alisema. "Ni Mkatoliki. Alikuja tu Jumapili hiyo. Nikasema basi, labda jana yake alikuwa na vijana wake, amekuja kulipa siku. Ni vizuri mtu kulipa siku yake. Akaomba karatasi, nikamwandikia wa mwezi huu, kama tunavyoandika siku zote." Alimtazama Kayitesi. "Afande, nimeandika uongo?"

"Hukuandika uongo, mama. Sisi ndio tuliosoma vibaya."

Saa tisa na dakika kumi kocha Mugabo alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda cha Achille, gazeti la michezo magotini. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini, mwenye miguu ya mpanda baiskeli wa zamani. Viganja vyake vilikuwa na plasta.

"Umulisa, nenda ukanywe chai," Kayitesi alisema. Umulisa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatoka.

Kayitesi hakukaa. Alijua akikaa hatainuka.

"Basi lako dogo nimeliona hapo nje, kocha. Bampa la nyuma ni jipya."

"Lilichubuka. Nililibadilisha Jumatatu."

"Jumamosi ulikuwa umuganda."

"Mnayo karatasi yangu."

"Ninayo. Umuganda wa Wasabato." Aliweka karatasi kitandani, karibu na miguu ya kijana. Juu yake akaweka nyingine, ndefu, aliyochapisha njiani. "Na hii ni njia ya baiskeli. Kulikuwa na kifaa kingine, chini ya kiti. Ulichukua cha usukani tu."

Mugabo hakuigusa. Aliisoma kwa macho kutoka juu hadi chini, kama anavyosoma kocha matokeo ya mtu wake, na Kayitesi aliona midomo yake ikihesabu kimya: hamsini na sita, hamsini na nane.

"Alikuwa vizuri," alisema. "Dakika kumi na mbili. Wiki tatu tu kabla ya mashindano. Na barabara tupu, siku pekee katika mwezi ambayo barabara ni tupu. Mbuzi akakatiza. Nikakanyaga breki. Sikufikiri, mguu ulikanyaga wenyewe."

"Hilo ni la mbuzi. Mimi nauliza dakika sita."

Mugabo alilikunja gazeti, akalikunja tena.

"Simu ulikuwa nayo. Akina mama walikuwa nusu kilomita mbele wanafyeka, ungepiga honi wangekuja. Ulikuwa na gari na kibali. Ungefika hospitali kabla ya saa tatu bila kusimama hata njia panda moja. Badala yake ulipakia baiskeli kwa sababu ya rangi."

"Nilidhani amekufa."

"Ulimgusa?"

Mugabo alifunika uso kwa viganja vile vyenye plasta. Kutoka nyuma yake sauti ilikuja ndogo sana.

"Sikumgusa."

"Na Ismaël?"

"Nilijua ataifuta na kuinyoosha kama baiskeli zetu zote. Nilifikiri mtamwachia. Hakufanya kitu. Nilifikiri mtaona."

"Ulituambia waligombana."

"Waligombana kweli."

Kayitesi aliita askari aliyesubiri koridoni. Mugabo alisimama bila kushikwa. Kabla ya kutoka aliinama, akalirudisha shuka begani mwa Achille lilipokuwa limeteleza, na askari alimtazama Kayitesi asijue kama amzuie. Kayitesi alitikisa kichwa. Mwache.

Alimkuta Umulisa amesimama mlangoni. Kikombe cha chai mkononi mwake hakikuwa kimeguswa. Alikuwa amesikia ya kutosha. Alikwenda kwenye benchi, akachukua ile chupa ya uji, akaimwaga kwenye sinki la koridoni hadi tone la mwisho, akaiosha, akaikung'uta, akampa askari amrudishie mwenyewe.

Saa kumi na dakika hamsini Ntare alisoma maelezo ya kukiri akiwa amesimama, kisha akayasoma tena akiwa amekaa.

"Wasabato," alisema. "Na mke wangu ni Msabato, Kayitesi. Kila mwezi namwekea nyama ya Jumapili kwa sababu yuko kwenye umuganda."

"Saini hapa, afande. Zimebaki dakika kumi."

Alisaini. Ismaël alitolewa, akapewa mkanda wake, kamba za viatu, simu. Alisimama mbele ya kaunta akizitia kamba kwenye matundu moja moja, na Kayitesi akamsubiri.

"Sasa wataniandika kwa kukosa umuganda?" aliuliza.

"Bila shaka."

"Ni haki." Alimaliza kiatu cha pili. "Achille je?"

"Bado. Daktari anasema leo alibana kidole cha dada yake. Anasema tusilitegemee sana."

Ismaël alitikisa kichwa. Alikwenda hadi mlangoni, ambapo mama yake alikuwa amekwisha kusimama na sahani yake ya wali, kisha akarudi.

"Afande, baiskeli mmeiwekaje?"

"Iko stoo ya vielelezo. Imelazwa."

"Msiilaze kwa upande ule. Itazidi kupinda. Itundikeni kwa gurudumu la nyuma, la mbele lining'inie. Nitakuja kulimalizia mkiniruhusu."

Kila mtu alikuwa ameondoka Kayitesi alipofungua stoo. Baiskeli ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Aliiinua kwa mkono mmoja, akatafuta msumari ukutani, akaitundika kwa gurudumu la nyuma. La mbele lilizunguka mara moja, likiyumba, mstari mwembamba wa kijani ukipita na kurudi, kisha likatulia.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Umulisa, pumzi juu.

"Afande! Imenitumia ujumbe. Baiskeli. Inasema imesogea!"

Kayitesi aliegemea mlango wa stoo, akavua viatu.

"Ni mimi," alisema. "Nimeitundika tu. Hakuna mtu anayeichukua."

Upande wa pili Umulisa hakukata simu. Nyuma yake zilisikika mashine za wodini zikipiga polepole, na Kayitesi akabaki pale pekupeku, simu sikioni, akizisikiliza pamoja naye.